Kisha Pemba

Mwishoni mwa Januari 1964, mfungo wa Ramadhani ukiwa katikati, maofisa wa jeshi la Uingereza walikamilisha mpango wa kuivamia Zanzibar. Waliupa jina la Parthenon. Ulihitaji manowari mbili za kubeba ndege, Centaur na Victorious, manowari nyingine tatu za kusindikiza, helikopta 13, ndege 21 za kubebea watu na kupelelezea, wanajeshi wa Scots Guards, makomando wa majini na kombania ya askari wa miavuli. Askari wangeshuka Unguja kwanza, kwa miavuli na helikopta, waukamate uwanja wa ndege na mji. Kisha wangekwenda kuikalia Pemba. Lau ungetekelezwa, usingepata mfano katika mashambulizi ya Uingereza ya angani na baharini tangu vita vya Suez vya 1956.

Haukutekelezwa. Wapemba waliokuwa wakiteremsha vyungu vya futari jioni zile hawakuwa na habari kwamba kisiwa chao kimechorewa mishale kwenye ramani ya watu walio mbali. Jambo hilo lilikuja kujulikana miaka zaidi ya 30 baadaye, mafaili ya serikali ya Uingereza yalipofunguliwa kwa watafiti. Hata baada ya kufunguliwa, katika masimulizi ya mpango huo Pemba haipati zaidi ya sentensi moja. Unguja ina mji, bandari, redio, mabalozi. Pemba inakuja baada ya neno “kisha”.

Ninaandika historia hii kwa ajili ya neno hilo. Kwa muda mrefu Vita Baridi viliandikwa kama ugomvi wa Washington na Moscow, na uwanja wake ukiwa Ulaya. Mwanahistoria wa Norway, Odd Arne Westad, katika kitabu chake cha 2005, alihimiza wenzake watazame kwingine: Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ambako ushindani wa wakubwa haukuwa wa baridi hata kidogo, na ambako wenyeji walikuwa na hesabu zao wenyewe katika ushindani huo. Tangu hapo Zanzibar imepata vitabu na makala kadhaa. Lakini nyingi ya kazi hizo husimama kwenye mkondo wa Nungwi, unaotenganisha Unguja na Pemba. Hazivuki.

Tuvuke.

Pemba iliingia katika siasa za dunia kupitia karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi. Ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na tangu mwaka ule kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao la Zanzibar. Anayekijua hahitaji kuelezwa. Msimu ukifika, harufu hukupokea kabla hujaona nyumba: barabarani, uani, mbele ya msikiti, kila penye jua pametandikwa majamvi. Mchumaji hupanda na kamba na pakacha, akavuta tawi taratibu lisivunjike. Jioni watu hukaa duara kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, vidole vikishika utomvu na harufu isiyotoka kwa sabuni. Kisha siku kadhaa za kuanika, mpaka karafuu iliyokuwa ya kijani na wekundu igeuke kahawia na ivunjike kwa kishindo kidogo ukiipinda. Kila kilo tatu mbichi zinabaki kama kilo moja. Kilo hiyo moja ndiyo iliyolipia takriban kila kitu serikali ya Zanzibar ilichokinunua nje, awe mtawala ni Sultani, Mwingereza au Baraza la Mapinduzi.

Kwa hiyo mambo ya Pemba hayakuwa ya pembeni. Katika uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Chama cha Hizbu kilikuwa na 12, na chama cha ZPPP, ambacho ngome yake ilikuwa Pemba, kilikuwa na 6. Viwili hivyo vikaungana, na Mohammed Shamte, Mpemba, akawa waziri mkuu wa serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Serikali hiyo iliishi mwezi mmoja na siku mbili.

Na dunia tayari ilikuwa imeshaingia majumbani, kwa njia ya redio. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Moscow, Peking na Sauti ya Amerika nazo zilikuwa hewani. Wengi wa watangazaji walikuwa vijana wa pwani hii hii. Mtu aliyekaa barazani Wete aliweza usiku mmoja kusikia habari ya Kongo ikisimuliwa kwa namna nne, kila moja kwa Kiswahili safi. Pamoja na sauti zilikuja nafasi za masomo: Cairo, Moscow, Peking, Prague, Havana. Waingereza walikuwa wamejenga skuli chache za sekondari, na vijana wenye kiu walipanda meli au ndege ya yeyote aliyewafungulia mlango.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa Wete, Ali Sultan Issa, aliyezaliwa mwaka 1932. Aliondoka kisiwani akiwa kijana, akafanya kazi melini, akafika London na kujiunga na chama cha kikomunisti cha Uingereza. Mwaka 1957 alikuwa Moscow kwenye tamasha la vijana wa dunia. Aliporudi aliingia Hizbu, akawa mpangaji wa safari za wanafunzi kwenda nchi za kisoshalisti, na baadaye akamfuata Abdulrahman Mohamed Babu katika chama cha Umma, kilichoundwa 1963. Habari za mtu kama huyu zinanifanya nisikubali lugha ya baadhi ya wataalamu, wanaozungumza juu ya “kupenya” kwa Wachina au Warusi Zanzibar, kama maji yanavyopenya ukutani. Hakuna aliyempenya Ali Sultan. Alikwenda mwenyewe, akachagua, akarudi na alichokichagua.

Mwingine alikuwa mgeni. John Okello, kijana wa kabila la Lango kutoka Uganda, alifika Pemba mwaka 1959 na kuishi huko kwa vibarua na biashara ndogo ndogo, akajiunga na Afro-Shirazi. Mwaka 1963 alihamia Unguja. Tarehe 12 Januari 1964 sauti yake ndiyo iliyokuja kutisha watu redioni, akijiita Field Marshal. Mtu aliyetangaza kuanguka kwa serikali ya Shamte alikuwa ameisoma siasa ya visiwa hivi miaka kadhaa katika kisiwa cha Shamte mwenyewe. Kufikia Machi mwaka huo wenzake walikuwa wamekwisha kumwondoa nchini.

Vita vya Mapinduzi vilipiganwa Unguja. Pemba haikuwa na mapigano; habari ilivuka bahari, na utawala mpya ukafuata nyuma yake. Idadi ya waliouawa Unguja bado inabishaniwa, nami sitaitaja kama kwamba ninaijua. Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia na meli yake ya kifalme. Shamte na mawaziri wake walitiwa gerezani.

Marekani ilikuwa na sababu mbili za kushtuka. Ya kwanza ilikuwa Tunguu, ambako ilikuwa imejenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo alivyozungumza navyo. Ya pili ilikuwa Cuba. Vijana wa Umma waliopata mafunzo Havana walirudi na ndevu, mavazi ya kijeshi na salamu ya Kihispania ya ushindi, na waandishi wa habari wa nje waliowaona wakaandika kwamba askari wa Cuba wameshuka. Hawakuwamo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka: Zanzibar itakuwa Cuba ya Afrika. Tarehe 13 Januari manowari ya Marekani, Manley, iliwachukua raia wake. Wiki moja baadaye jeshi la Tanganyika liliasi Dar es Salaam, yakafuata maasi Uganda na Kenya, na wakubwa wa London wakaona ukanda mzima unawaka.

Ndipo ikaja mipango. Baada ya Parthenon ulikuja Boris, wa kutumia viwanja vya Kenya. Ukaachwa kwa sababu Kenya isingekubali na siri isingehifadhika. Ukaja Finery, wa helikopta kutoka meli ya Bulwark, kisha Shed, kisha Giralda, ambao ulikaa tayari mpaka Desemba 1964. Mwanahistoria Ian Speller ameifuatilia mipango hiyo hatua kwa hatua, na inavutia kuona jinsi shabaha ilivyobadilika. Mwanzoni hofu ilikuwa Mapinduzi. Mwishoni hofu ilikuwa Babu na wenzake, na mpango ulikuwa wa kumsaidia Karume, kiongozi wa Mapinduzi yale yale, na Nyerere wa Tanganyika dhidi yao.

Wakati Waingereza na Wamarekani wakisitasita kuitambua serikali mpya hadi karibu na mwisho wa Februari, wengine hawakusubiri. China na Urusi ya Kisovieti ziliitambua Januari ile ile. Ujerumani Mashariki nayo, iliyokuwa ikitafuta kwa udi na uvumba nchi ya kuitambua, ilipata Zanzibar dola la kwanza la Afrika kuipa ubalozi kamili. Kwa Wajerumani wale kisiwa hiki kilikuwa kitu kikubwa sana. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni ya kuvunja uhusiano na yeyote atakayewatambua ndugu zao wa Mashariki, na Zanzibar ikaivuka kanuni hiyo kana kwamba haipo. Waliposhukuru, walishukuru kwa wingi: walimu, wahandisi, madaktari, ahadi ya kujenga mji mpya Ng'ambo, mjini Unguja, na wataalamu wa usalama waliosaidia kuunda idara ambayo Wazanzibari wa umri fulani bado huitaja kwa sauti ya chini. China ilitoa mkopo usio na riba, madaktari na wakufunzi wa jeshi. Warusi walileta silaha na wakufunzi. Hospitali kuu ya Mnazi Mmoja ikaitwa V. I. Lenin. Kituo cha Tunguu kilifungwa kwa amri ya Karume Aprili 1964.

Tarehe 22 mwezi huo huo Karume na Nyerere walitia saini Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Babu alikuwa safarini Asia.

Hapa ndipo wanahistoria waligawanyika, na ubishi wao haujaisha. Amrit Wilson, katika kitabu cha 1989 kilichotokana na nyaraka za Marekani, aliona mkono wa Washington nyuma ya Muungano: walitaka Zanzibar imezwe na nchi kubwa iliyo tulivu zaidi, na Umma wapoteze mahali pa kusimama. Issa Shivji, mwanasheria wa Dar es Salaam, aliandika mwaka 2008 juu ya mvutano kati ya ndoto ya umoja wa Afrika na hesabu za papo kwa papo, akachambua jinsi hati zenyewe zilivyoandikwa na kupitishwa. Harith Ghassany mwaka 2010 alitoa kitabu kwa Kiswahili, kilichojengwa juu ya sauti za wazee waliohusika, akadai mchango mkubwa wa watu wa Tanganyika katika Mapinduzi yenyewe. Na kuna andiko la Helen-Louise Hunter wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lililoandikwa kwa siri mwaka 1966 na kufunguliwa baadaye, lenye thamani kwa kuonesha ni nini Washington iliamini, hata pale ilipokosea.

Kukosea hakukuwa adimu. Frank Carlucci, aliyewakilisha Marekani Unguja, alijifunza Kiswahili na kuzoeana na Karume. Januari 1965 alifukuzwa pamoja na mwenzake wa Dar es Salaam kwa sababu ya mazungumzo ya simu: walikuwa wakishauriana namna ya kuishawishi Washington itume salamu za heshima zaidi kwenye sherehe za Mapinduzi, wakatumia lugha ya mafumbo ya silaha, na waliosikiliza wakafahamu kwamba ni silaha kweli. Miaka 22 baadaye mtu huyo huyo alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani.

Nimesoma maandiko haya kwa faida kubwa, na sina shaka kwamba ubishi juu ya Muungano ni wa lazima. Kinachonisumbua ni kwamba ukiufuata kwa makini unazunguka miji minne au mitano: Washington, London, Berlin, Dar es Salaam na Mji Mkongwe. Nathalie Arnold Koenings, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wapemba na kusikiliza, alipoandika kuhusu nafasi ya Pemba katika Mapinduzi, kichwa cha makala yake kilibeba jambo alilolisikia huko: kwa watu wa Pemba jambo zito si siku ya Mapinduzi, ni yaliyokuja baada yake. Makala hiyo imo katika kitabu cha 2018 juu ya kumbukumbu na sauti zilizonyamazishwa Zanzibar. Kwa maoni yangu hakuna aliyeuliza swali zuri zaidi.

Yaliyokuja baada yake yalianza na bakora. Katika miezi ya mwanzo ya utawala mpya watu wazima, wenye wake na wajukuu, walicharazwa hadharani mbele ya majirani zao, kwa kushukiwa tu kwamba walikuwa wa vyama vilivyoshindwa. Pemba ilikuwa imepiga kura upande ule, kwa hiyo kisiwa kizima kilihesabiwa kuwa na deni. Wengi walivuka usiku kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, Mombasa na Tanga. Wengine, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, walifika Oman. Kusafiri kulitaka kibali. Pemba ilifungwa kwa wageni wa kawaida kutoka nje hadi miaka ya 1980. Wageni waliofika walikuwa daktari wa Kichina na fundi wa Kijerumani.

Wakuu wa serikali walitoka wapi? Baadhi walitoka Pemba hapo hapo. Ali Sultan Issa alirudi Chake Chake kama mkuu wa wilaya, kisha akawa waziri wa elimu, halafu wa afya. Skuli zilikuwa zimekimbiwa na walimu wa Kiingereza, na serikali ikawashika vijana waliomaliza sekondari wafundishe. Mmoja wa vijana hao alikuwa Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Nyali, Mtambwe, mwaka 1943. Alikuwa na sifa za kwenda chuo kikuu, hakuruhusiwa. Kati ya 1964 na 1972 alifundisha Unguja katika skuli iliyopewa jina la Lumumba, na Pemba katika skuli iliyopewa jina la Fidel Castro. Ni baada ya Karume kuuawa, tarehe 7 Aprili 1972, ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Skuli ya Fidel Castro ipo hadi leo, Vitongoji. Ninaifikiria mara nyingi. Jina la mtu wa Havana, lililowanyima usingizi wanadiplomasia wa mwaka 1964, limegeuka jina la kawaida kwenye vyeti vya watoto wa Pemba, na mzazi analitamka bila kufikiria Cuba, kama anavyolitamka la skuli ya Utaani. Na ndani ya skuli hiyo, chini ya jina hilo la ukombozi, alisimama ubaoni kijana aliyezuiwa kusoma.

Watu hawa wawili, waziri na mwalimu, wote wa Pemba, walikuja kukutana ndani ya kitabu kimoja. Mwanahistoria Thomas Burgess alikaa na kila mmoja kwa muda mrefu, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia, akayachapa pamoja mwaka 2009. Ali Sultan, aliyefungwa kwa miaka kadhaa, kama Babu, baada ya kifo cha Karume, na baadaye akawa mwenye hoteli, bado aliona kwamba Mapinduzi yalikuwa ya haki na kwamba nchi ililazimika kusukumwa. Seif Sharif aliwaona watu wake wakipigwa, wakinyimwa na kufungwa midomo, naye alisimulia hivyo. Burgess hakuwapatanisha. Alizichapa simulizi hizo bega kwa bega, na msomaji anageuza ukurasa akitoka katika kisiwa kimoja na kuingia katika kingine, ilhali ardhi ni ile ile.

Turudi kwenye karafuu, maana bila hizo hakuna kinachoeleweka. Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi na kuanzia 1965 ikagawa eka tatu tatu kwa familia zilizokuwa hazina shamba. Jambo hilo lilikuwa na haki ndani yake, na waliopata hawajalisahau. Lakini mnunuzi wa karafuu alibaki mmoja, serikali, na bei aliyomlipa mkulima ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile aliyoipata nje. Miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, na Zanzibar ikawa na akiba nene ya fedha za kigeni katika benki za London. Wakati akiba hiyo inanenepa, mchele ulikuwa haupatikani Pemba. Karume alikuwa ameamua nchi ijitegemee kwa chakula, akazuia kuagizwa kutoka nje, na kisiwa kilichopandwa mikarafuu kila kilima hakikuweza kujilisha kwa amri. Watu walirudi kwenye mihogo na majimbi, na penye uhaba zaidi, kwenye mizizi ya porini. Magendo ya karafuu kwenda Kenya yaliwekewa adhabu ya kifo. Watu waliendelea kuvusha.

Na nani aliyenunua karafuu zile? Si Moscow, wala Washington. Kwa sehemu kubwa ni Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek. Ningependa wanahistoria wa Vita Baridi wakae juu ya jambo hili. Mwaka 1965 Indonesia iliingia katika mauaji makubwa ya wakomunisti. Suharto akapanda, akashikamana na nchi za Magharibi, na serikali yake ikahimiza watu wake wapande mikarafuu mpaka waache kuagiza. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanakaribia kujitosheleza, na bei ikaanguka. Uamuzi uliofanywa Jakarta na serikali ya kambi ya Magharibi ulifika hadi kwenye jamvi la mkulima wa Konde aliyekuwa chini ya serikali rafiki ya kambi ya Mashariki. Hakukuwa na jasusi, manowari wala hotuba, lakini uamuzi huo ndio uliobadilisha maisha ya Pemba kuliko mipango yote mitano ya Waingereza.

Lakini mawe na saruji navyo vilibaki. Anayeingia Wete, au Chake Chake kupitia Madungu, au anayetazama kilima cha Mkoani kutoka melini, hukutana na maghorofa marefu, yale ambayo Wazanzibari huyaita nyumba za maendeleo. Michoro yake ni ya ukoo mmoja na ya maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, na ukoo huo umetoka Ujerumani Mashariki, ambako familia za wafanyakazi zilipewa nyumba za namna hiyo hiyo kwa maelfu. Pembeni yake kuna migomba, kuna nyumba za udongo zenye mapaa ya makuti au mabati, kuna bonde la mpunga. Mvua za masika zimechora michirizi myeusi kutoka juu hadi chini. Ngazi zimelika katikati kwa miguu ya miaka 50. Maji yakikatika, ndoo hupandishwa mabegani ghorofa kwa ghorofa, na wanawake wanaopanda nazo hupumzika kwenye kituo kile kile cha ngazi, ambapo ukuta umesuguliwa ukang'aa kwa migongo.

Yalijengwa kwa jina la urafiki, na urafiki ulikuwepo. Mtafiti Young-Sun Hong, aliyechimba nyaraka za Ujerumani zote mbili, ameonesha jinsi misaada ile ilivyochanganya imani ya kweli ya ujamaa na haja ya Berlin kutambuliwa. Lakini misaada ilifuatwa na mikopo, na mikopo ililipwa na hazina ambayo pato lake kubwa lilikuwa karafuu. Dola iliyochora nyumba zile ilitoweka tarehe 3 Oktoba 1990. Wapangaji wake wa Wete wapo.

Mkoani, madaktari wa Kichina nao wapo. Timu zao, nyingi kutoka jimbo la Jiangsu, zimekuwa zikija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, bila kukatika hata pale China yenyewe ilipokuwa katika misukosuko. Hospitali ya Abdalla Mzee ilipata majengo mapya kwa msaada wa China mwaka 2016, na mwaka uliofuata wataalamu wa Kichina walianza mradi wa kupambana na kichocho katika mabonde ya Pemba, wakihesabu konokono majini kijiji kwa kijiji. Leo waandishi wa habari wa nje wamerudi na ramani zenye mishale, safari hii ya China na Marekani katika Bahari ya Hindi. Mama aliyempeleka mtoto anayekojoa damu kwa daktari wa Mkoani ana historia ya miaka 60 na nchi hiyo ambayo ramani haioneshi.

Kuhusu utafiti wenyewe, ugumu ni wa karatasi. Za Uingereza ziko Kew, nje ya London, na yeyote anaweza kuziomba. Za Ujerumani Mashariki zimefunguka kuliko zote, kwa kuwa dola lenyewe lilikufa na mafaili yake ya siri yakawekwa mezani. China ilifungua za wizara yake ya nje mpaka mwaka 1965, kisha ikazifunga tena nyingi kati yake. Zanzibar yenyewe, karatasi za baada ya 1964 zinazofika mezani kwa mtafiti ni chache mno. Kwa hiyo atakayetaka kuandika historia ya Pemba ya miaka hiyo hana budi kuwaendea watu, na kijana wa miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa amepita 80. Seif Sharif alifariki Februari 2021 na kuzikwa kwao, Nyali. Kitabu cha Burgess kimebaki na sauti yake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha aliyosimulia nayo habari hizo kwa watu wake maisha yake yote, bado tunasubiri.

Mara ya mwisho nilipopita Wete ulikuwa msimu. Uwanja wa saruji mbele ya ghorofa moja ulikuwa umefunikwa majamvi mwisho hadi mwisho, karafuu za siku ya tatu, rangi imeshaanza kugeuka. Bibi mmoja alikaa kivulini mwa ngazi akizilinda dhidi ya kuku. Nilimsalimia, akaniitikia, nikamuuliza kama aliyakumbuka majengo haya yakijengwa. Aliyakumbuka. Alisema Wajerumani walikuwa wakipenda sana madafu. Halafu akatazama juu, wingu lilikuwa limeshasogea kutoka Mtambwe, akawaita wajukuu waje kukunja majamvi.